Tabia ya Zamani Haitoki Bila Kuuma

Ndugu msomaji, tuanze na ulizo moja, na tafadhali usikasirike. Ile feza uliyopata mara ya mwisho, siku mnunuzi alipopima mchanga wako kwenye mizani, iko wapi leo? Na kama wewe ni mama wa nyumba ao mwanafunzi, tunakuuliza hivi: ile feza baba aliyoleta kutoka kare, ilikaa nyumbani siku ngapi?

Wengi watacheka, kwa maana kila mtu wa sehemu zetu za Masisi na Walikale anajua namna inavyopita. Jumamosi mchana mchanga unapimwa. Jumamosi jioni mbuzi anachomwa, bia inafunguliwa, deni la butiki linalipwa nusu. Jumapili kuna simu mpya mfukoni. Jumatatu asubuhi, mtu yule yule aliyetoa kilo na kilo za koltani ndani ya mlima anamwendea PDG wa shimo kuomba avansi ya unga. Ukimwuliza sababu, anakujibu: "Bwana, ni mazoea. Leo tule, kesho itajijua."

Ni juu ya hayo mazoea tunataka kuzungumza nawe. Hatutakuambia tu kwamba kuweka akiba ni vizuri. Hayo uliyasikia tangu masomo ya primeri. Tunataka kusema jambo ambalo watu hawalisemi mara nyingi: kuacha ulichozoea kunauma. Na wengi wanaojaribu kuacha wanarudi nyuma, si kwa kuwa ni watu wabaya, lakini kwa kuwa waliposikia yale maumivu walifikiri wamepotea njia.

TABIA HII HAIKUWA UJINGA

Usimcheke mzee anayemaliza feza yote siku moja. Muulize kwanza aliishi wakati gani.

Mwisho wa mwaka 1992, serikali ya Zaire ilitoa noti ya zaire 5,000,000. Wafanyabiashara waliikataa, na askari waliolipwa noti hiyo wakaasi kule Kinshasa mwezi wa kwanza wa 1993. Mwezi wa kumi wa mwaka ule ule ikaja zaire mpya: moja tu kwa zaire za zamani 3,000,000. Kisha, mwaka 1998, ikaja franka ya Kongo: franka moja kwa zaire mpya 100,000. Fanya hesabu mwenyewe. Franka moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani miliari 300! Aliyeficha gunia la noti chini ya kitanda alibaki na makaratasi ya kuwashia moto. Aliyenunua nyama na kula siku ile ile, alau alishiba.

Tena, mwaka huo wa 1993, vita kati ya makabila vilianza Ntoto, kule Walikale, vikapanda mpaka Masisi. Tangu siku zile, ni familia ngapi zimekimbia mara moja, mara mbili, mara tano? Mwenye kukimbia habebi nyumba wala shamba. Ng'ombe wanachukuliwa, mabati yanatolewa juu ya nyumba. Watoto waliokua ndani ya mbio hizo walijifunza jambo moja: kilicho ndani ya tumbo, hakuna atakayekunyang'anya.

Basi tabia ya kumaliza yote leo ilikuwa na akili yake. Iliokoa watu. Hii ndiyo sababu ni ngumu kuiacha. Tabia mbaya ambayo haikukusaidia hata siku moja, unaitupa upesi. Lakini ile iliyokuokoa zamani, moyo unaishika kama rafiki, hata kama leo inakuua pole pole.

SHIMO HALITOI AHADI

Na kweli inatuua pole pole. Kumbuka mwaka 2000. Viwanda vya ulimwengu vilitaka koltani kwa ajili ya simu na mashini nyingine, na bei ikapanda sana mwisho wa mwaka ule. Vijana waliacha masomo, wakulima waliacha maharagi shambani, wote mbio kwenye milima. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Milima ilibaki pale pale, udongo ni ule ule, lakini feza haikuwa ile.

Kumbuka tena mwezi wa tisa wa 2010. Rais Joseph Kabila alisimamisha kazi yote ya kuchimba katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Kazi haikufunguliwa mpaka mwezi wa tatu wa 2011. Nusu ya mwaka! Mtu aliyezoea kula yote kila Jumamosi, Jumamosi hizo zote alikula nini?

Na Bisie, kule Walikale? Tangu karibu mwaka 2002 watu waliingia ndani ya pori kwa mguu, mizigo kichwani, kutafuta kasiteriti. Kilima kile kililisha maelfu ya wachimbaji. Leo ni kampuni ya Alphamin inayotoa bati pale kwa mashini kubwa, tangu mwaka 2019. Mchimbaji wa nyundo na tindo hana nafasi yake ya zamani.

Ndugu, shimo halikuandikia barua ya ahadi. Bei inaweza kuanguka, serikali inaweza kufunga, vita vinaweza kuja, udongo wenyewe unaweza kuporomoka wakati wa mvua. Ile tabia iliyokukinga zamani juu ya noti zilizooza, haikukingi juu ya mambo haya. Inakuacha mikono mitupu siku ile unayohitaji zaidi.

KWA NINI KUNAUMA?

Fikiri juu ya chukudu. Munawajua vijana wanaoshuka nazo kutoka Masisi kwenda Sake na Goma, viazi na makala vimefungwa nyuma. Hawafikiri. Mkono unageuza usukani wenyewe, mwili unainama wenyewe. Sasa tuseme fundi mmoja ametengeneza chukudu ya ajabu: ukigeuza usukani kuume, gurudumu linaenda kushoto. Utaweza kuipanda?

Mmarekani mmoja, enjinia anayeitwa Destin Sandlin, alijaribu jambo hilo kwa baiskeli, akalionyesha watu mwaka 2015. Alijua vizuri sana namna ile baiskeli inavyofanya kazi. Angeweza hata kukueleza kwa mchoro. Lakini alipopanda, alianguka. Alijifunza kila siku dakika chache, na ikamchukua miezi 8 kuiweza. Na mara alipoiweza, baiskeli ya kawaida ikamshinda! Ilibidi ahangaike tena kabla mwili kukumbuka. Mtoto wake mdogo aliiweza ile ya ajabu kwa muda wa karibu majuma 2.

Tunaokota mafundisho matatu hapa. La kwanza: kujua si kuweza. Unaweza kujua kabisa kwamba kumaliza feza ni vibaya, na Jumamosi mkono ukafungua mfuko wenyewe. Usijiite mpumbavu, kichwa kimejifunza, mwili bado. La pili: kuanguka mara ya kwanza si alama kwamba njia ni mbaya. Ni alama kwamba njia ni mpya. La tatu ni kwenu vijana: ninyi munabadilika upesi kuliko wazee. Musingoje tabia ikomae. Wahenga walisema, mazoea yana taabu. Lakini mazoea ya mwaka mmoja si sawa na ya miaka 30.

MAUMIVU YENYEWE

Tuyaseme wazi, kusudi usishangae yakikuja.

Kwanza ni haya mbele ya marafiki. Mchimbaji hafanyi kazi peke yake. Yule unayekunywa naye Jumamosi, ndiye anayeshika kamba Jumatatu ukiwa chini. Akikulipia leo, anajua na wewe utamkumbuka siku atakapogonjwa. Kwa hiyo ile meza ya bia si ulevi tu. Kwa wengine ni mutualite yao. Ukikataa kukaa nao, watasema: "Ona, amekuwa mukubwa. Anatuficha feza." Neno hilo linachoma. Wengi wanarudi kwenye meza kwa sababu ya neno hilo, si kwa sababu ya kiu.

Pili ni upweke. Jumapili mchana, feza iko, na huendi popote. Saa zinakuwa ndefu. Tabia ya zamani ilijaza saa hizo. Sasa ziko wazi kama nyumba isiyo na watu. Usipoweka kitu pale, ile ya zamani itarudi na kukaa.

Tatu ni woga. "Nikiweka, halafu nikifa ndani ya shimo kesho, si nitakuwa nimejinyima bure?" Ulizo hili ni la kweli, na mtu asikudharau ukiliuliza. Jibu letu ni hili: ukifa kesho, wewe hutahitaji tena chakula. Lakini mama na watoto watahitaji, na juma lile lile.

SIKU NGAPI?

Watu wanasema ovyo kwamba tabia mpya inachukua siku 21. Mwaka 2009 wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha London walitoa habari za watu 96 waliojaribu kuanza tabia mpya ndogo ndogo, kama kula tunda ao kutembea kila siku. Kwa katikati, ilichukua siku 66 mpaka jambo lianze kujifanya lenyewe. Mmoja ilimchukua 18 tu. Kwa mwingine hesabu ilifika 254. Na walivumbua jambo jingine la kutia moyo: kukosa siku moja hakukuharibu kazi yote.

Sikia vizuri hapo. Mwenye kuanguka Jumamosi moja asiseme: "Basi, nimeharibu, acha nimalize yote." Hilo ndilo neno linaloua, zaidi ya kosa lenyewe. Umeanguka Jumamosi, endelea Jumapili.

BADILISHA NJIA, SI MOYO TU

Tabia inakaa ndani ya mtu, lakini inakaa pia barabarani, mahali na saa. Wakati wa vita ya Vietnam, askari wengi wa Marekani walinaswa na dawa kali ya heroini. Serikali yao iliogopa: watarudi nyumbani watumwa? Mama mmoja mtaalamu, Lee Robins, aliwafuata baada ya kurudi. Kwa 100 waliokuwa wamenaswa kule, karibu 5 tu ndio walinaswa tena mwaka wa kwanza. Walikuwa wameacha mahali pale, marafiki wale na saa zile. Na kamba nyingi za tabia zilikatika pamoja.

Wewe huwezi kuhama nchi, lakini unaweza kuhama njia. Kama kutoka kwenye mizani unapita mbele ya nyumba ya bia, pitia nyuma. Kama unapokea feza peke yako, muombe mama aje pale pale. Lipa minervali ya mtoto kabla ya kufika nyumbani. Usingoje moyo uwe na nguvu. Ondoa jiwe mbele ya mguu.

Na wale marafiki? Usiwakimbie. Waambie timu nzima ya shimo muanze likirimba pamoja: kila mmoja anatoa kiasi kile kile, na kila juma mmoja anapokea yote. Hapo hakuna wa kukucheka, maana wote muko ndani. Ule urafiki wa meza unabaki, ila unafanya kazi nyingine.

SANDUKU YENYE KUFULI TATU

Likirimba ni nzuri, lakini ina mpaka wake: zamu yako inaweza kufika siku usiyo na shida, na shida ikafika siku isiyo zamu yako. Kwa hiyo vijiji vingi vya Kivu vimechukua namna nyingine, ile inayoitwa AVEC kwa Kifaransa. Ilianza mwaka 1991 kule Niger, wakati shirika la CARE lilipofanya kazi na akina mama wa Maradi, nchi kavu na maskini. Leo iko katika sehemu nyingi za Afrika.

Inafanya kazi hivi. Watu 15 mpaka 25 wanaojuana wanachaguana wenyewe. Wanakubaliana bei ya sehemu moja, na kila mkutano mtu ananunua sehemu 1 mpaka 5. Tuseme sehemu moja ni franka 2,000 na wewe unanunua 2 kila juma: kwa majuma 50 umeweka franka 200,000. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye shida ao biashara anakopa katika feza hiyo, na anarudisha na faida kidogo. Kuna pia mfuko mdogo wa msaada, kwa ugonjwa na kilio. Mwisho wa mwaka wanagawana yote, kila mtu kulingana na sehemu zake, kisha wanaanza upya.

Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu mbalimbali. Mwenye kutunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Wengine wanasema hiyo ni juu ya wezi. Ni kweli, lakini ni pia juu yako wewe mwenyewe. Jumamosi saa mbili za usiku, mkono ukiwasha, kufuli tatu zinasimama kati yako na ile tabia. Mkono ambao haujajifunza unahitaji ukuta mpaka ujifunze.

NA VITA JE?

Utasema: "Hayo ni maneno ya mahali pa amani. Hapa kwetu sanduku litachukuliwa." Una haki ya kusema hivyo. Hata banki si mlima: mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita vilipofika Goma, banki zilifunga milango, na watu waliokuwa na feza ndani walibaki kuzitazama kwa mbali.

Lakini angalia. Katika kikundi kinachofanya vizuri, feza hailali ndani ya sanduku. Nyingi iko inje, katika mikono ya waliokopa, imekuwa chumvi ya kuuza, mbegu, ao mtaji wa sombe. Tena akiba si noti tu. Minervali iliyolipwa mapema haiibiwi. Ufundi wa kushona ao wa kutengeneza moto unakimbia pamoja nawe bila mzigo. Watu 20 wanaokuamini, hata mukikutana tena katika kambi ya wakimbizi, wanaweza kuanza upya. Usiweke yote mahali pamoja. Lakini usiseme kwamba, kwa sababu mahali pote ni pabaya, basi heri kuyamwaga.

NYUMBANI, KILA MTU ANA LA KUACHA

Tusimtupie baba mzigo wote. Tuseme baba ameanza kuleta feza nyumbani. Mama, kwa miaka 10 umezoea kuficha franka ndani ya mtungi wa unga, na ulikuwa na sababu nzuri. Sasa anakuletea, na wewe unafikiri: "Ni mtego. Juma lijalo atazirudia." Na wewe una tabia ya kuacha, na yako pia itauma. Hatusemi umwamini siku moja. Mpe nafasi, na muandike pamoja katika kitabu kile kinachoingia na kinachotoka. Karatasi haibishani.

Baba naye asingoje sifa. Atapita majuma mengi pasipo mtu kumwambia "asante", kwa kuwa nyumba imejifunza kungoja aanguke. Avumilie. Watoto wanamwangalia, na watoto hawafuati maneno, wanafuata miguu.

TUMESHAWEZA MARA MOJA

Anayesema kwamba sisi watu wa Kivu hatubadiliki, amesahau Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ikaisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Je, kuna tabia iliyoingia ndani yetu kuliko kupeana mkono? Kuna deni kubwa kuliko kumwosha maiti wa jamaa yako kwa mikono yako mwenyewe? Watu walilia, walikasirika, wengine walikataa. Lakini ndoo za maji zilisimama kwenye milango ya makanisa na masoko, tukasalimiana kwa kiwiko, na wengi wakawaacha watu wa kazi ile kuzika wapenzi wao. Iliuma sana, na iliokoa watu.

Kama uliweza kurudisha nyuma mkono uliotaka kumsalimia mama yako, utashindwa kuurudisha mbele ya chupa?

MAULIZO YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

Leo jioni, kisha chakula, muulizane haya, na watoto wakiwapo:

1. Ni tabia gani katika nyumba yetu iliyotusaidia zamani, na leo inatuumiza?
2. Feza inapoingia, inapita njia gani? Ni wapi tunaweza kubadilisha hiyo njia?
3. Mmoja wetu akianza kubadilika, sisi wengine tunamsaidia ao tunangoja aanguke?
4. Ni nani, katika timu ya shimo ao katika mtaa wetu, tunaweza kuanza naye likirimba ao kikundi?

Kisha muchague jambo moja tu, dogo, na muandike tarehe ya leo ukutani. Hesabuni kutoka hapo. Kama kufikia siku ya ishirini bado inauma, musishangae wala musiache: hamujafika hata nusu ya zile 66.